Kingamwili ya MSP5 kwa kupe wa Tanga: mistari ya kilodaltoni 25 na 50 inatoka wapi?

Fundi sanifu maabara, Pongwe

Habari za kazi, ndugu zangu. Katika maabara yetu hapa Tanga tunatafuta protini ya MSP5 ya Anaplasma marginale, bakteria anayesababisha ndigana baridi, ndani ya kupe waliotolewa kwenye ng'ombe wa maziwa wa Pongwe na Muheza. Kingamwili tuliyo nayo ni ya poliklono, yaani mchanganyiko wa kingamwili nyingi tofauti, iliyopatikana kwa kumchanja sungura protini iliyozalishwa ndani ya E. coli, na lebo yake inasema ni kwa ajili ya utafiti tu na kwamba imejaribiwa kwa westeni bloti, yaani kipimo ambacho protini hutenganishwa kwenye jeli, huhamishiwa kwenye utando, kisha hutafutwa kwa kingamwili. Kingamwili ya pili, inayoishika ile ya kwanza ili mstari uonekane, ni ya mbuzi dhidi ya sungura, yenye kimeng'enya cha peroksidasi kinachotoa ishara.

Tunapowasaga kupe na kuzitenganisha protini kwenye jeli yenye DTT (kemikali inayovunja vifungo vya salfa vya protini), baadhi ya sampuli hutoa mstari safi karibu na kilodaltoni 19 (kipimo cha ukubwa wa protini), pale pale MSP5 inapotarajiwa. Hata hivyo, karibu kila sampuli hutoa pia mstari kwenye 25 na mwingine mnene zaidi kwenye 50, na mistari hiyo miwili huonekana hata kwa kupe wa kahawia waliokuzwa maabara, ambao hawajawahi kumgusa mnyama mgonjwa. Je, kingamwili hii haifai? Na je, mstari wa 19 ukijitokeza, naweza kumwambia mfugaji kwamba ng'ombe wake ana ndigana baridi? Wafugaji wanasubiri majibu, na nisingependa kuwapa jibu lisilo na msingi.

Mwanabiokemia, Chumbageni

Ndugu wa Pongwe, usiitupe kingamwili hiyo. Kupe ni mnyama aliyejaa damu ya mwingine, na damu hiyo ina kingamwili zake. DTT huvunja vifungo vya salfa vinavyoishikilia IgG, aina kuu ya kingamwili katika damu, ikaachana katika mnyororo mzito wa takribani kilodaltoni 50 na mnyororo mwepesi wa takribani 25, ambayo ndiyo mistari unayoiona. Kupe wa kahawia wa maabara nyingi hulishwa kwa sungura, na IgG ya mwenyeji inaweza kubaki ndani ya kupe hata baada ya kujivua ngozi. Kingamwili yako ya pili imetengenezwa mahsusi kuishika IgG ya sungura, kwa hiyo inafanya kazi iliyoagizwa, ila inaishika IgG ambayo hukuiweka wewe. Kupe waliotoka kwa ng'ombe wana sababu nyingine: kingamwili ya pili ambayo haikuchujwa dhidi ya IgG ya ng'ombe inaweza kuishika hiyo pia, kwa sababu IgG za wanyama hawa zinafanana kwa sehemu.

Kata kipande cha utando chenye sampuli zile zile, ukiache bila kingamwili ya kwanza, kisha ukipitishe kwenye kingamwili ya pili peke yake. Mistari ya 25 na 50 ikibaki, umeshapata chanzo chake, na dawa yake ni kununua kingamwili ya pili iliyochujwa dhidi ya protini za ng'ombe, pamoja na kutafuta kupe linganishi ambao hawakulishwa kwa sungura.

Mstari wa 19 nao usiuamini bado. Sungura aliyechanjwa protini iliyotoka kwenye E. coli mara nyingi hutengeneza pia kingamwili dhidi ya mabaki ya E. coli yenyewe, na kupe hubeba bakteria wengine wengi wanaoishi naye bila kumdhuru, ambao protini zao zinaweza kufanana na za E. coli. Changanya kingamwili yako na E. coli waliopasuliwa, wasio na protini ya MSP5, uache kwa muda, uzungushe kwenye mashine, kisha utumie maji ya juu. Weka pia sampuli ya damu ya ng'ombe aliyethibitishwa kuwa na Anaplasma na ya ng'ombe asiye naye. Bila hizo mbili, mstari wa 19 ni alama tu kwenye utando.

Daktari wa mifugo, Korogwe

Nakubaliana na mwenzangu, na nijibu lile la mfugaji: hapana, usimwambie hivyo. MSP5 haibadiliki sana, na ndiyo maana imetumika katika ELISA, kipimo cha maabara cha kupima kingamwili za ng'ombe, lakini uthabiti huo huo unaifanya ifanane katika jamaa wa Anaplasma, wakiwemo A. centrale na A. ovis. Kwa hiyo hata mstari halisi unakutajia ukoo zaidi kuliko spishi.

Tena, kupe aliyeshiba amemeza chembe nyekundu za damu, na Anaplasma marginale huishi humo. Ukimsaga kupe mzima unaweza kuwa umempima ng'ombe kupitia tumbo la kupe, bila kujua kama kupe huyo ana uwezo wa kuambukiza. Kama swali lenu ni la uambukizaji, mpasueni kupe, mtenge tezi za mate na utumbo, kila kimoja kipimwe peke yake. Ni kazi ya macho na subira, lakini ndiyo itakayojibu swali.

Ng'ombe mwenye homa, ufizi uliopauka na macho ya manjano apimwe yeye mwenyewe: damu ipakwe nyembamba kwenye kioo, itiwe rangi ya Giemsa, na vidoa vyeusi vitafutwe pembezoni mwa chembe nyekundu. Aliyepona na kubaki mbebaji huwa na bakteria wachache mno kuonekana kwa darubini, na huyo anahitaji PCR, kipimo cha kutafuta DNA ya bakteria. Matibabu ya oksitetrasaiklini yasisubiri bloti ya kupe.

Fundi sanifu maabara, Pongwe

Nawashukuru sana, daktari na mwalimu wangu wa Chumbageni. Wafugaji nitawaelekeza kwenye kipimo cha damu leo hii. Nina swali moja: tukipata kingamwili ya monoklono, yaani ya aina moja tu inayoshika sehemu moja ya protini, je, tutaondokana na suala la E. coli?

Mwanabiokemia, Chumbageni

Hilo kwa sehemu kubwa mtaondokana nalo, lakini angalieni DTT. Sehemu za MSP5 zinazoshikwa na kingamwili hutegemea umbo la protini linaloshikiliwa na vifungo vya salfa, na ile ya monoklono inaweza kunyamaza kabisa kwenye jeli yenye DTT ingawa protini ipo. Endesheni jeli mbili, moja yenye DTT na nyingine isiyo nayo, mkikumbuka kwamba kwenye ile ya pili IgG nzima itakaa karibu na 150.

Mkiipokea, igaweni katika vichupa vidogo kabla ya kuigandisha, ili umeme ukikatika au mkihitaji kidogo msiyeyushe yote. Na kama ina sodiamu azaidi, kemikali ya kuzuia isiharibiwe na vijidudu, msiongeze azaidi nyingine kwenye maji ya kuoshea, kwa sababu huizuia peroksidasi kufanya kazi, nanyi mtaudhani utando mtupu kuwa ni jibu hasi.