Mita moja imenishinda, au mimi ndiye nimemshinda farasi wangu?

Muulizaji

Habari zenu wadau. Naandika kwa aibu kidogo, maana humu wengi mnawajua farasi kuliko mimi.

Nina farasi jike wa miaka 14, rangi ya damu ya mzee, namwita Zabibu. Huu ni mwaka wa sita niko naye. Tangu siku ya kwanza nina daftari: mwezi huu turuke kizuizi cha sentimita 80, mwezi ule 90, msimu ukiisha mita moja. Hiyo mita hatujaiona mpaka leo. Tulifika 95 mara mbili. Mara ya tatu akagoma mbele ya ufito, mimi nikaendelea na safari peke yangu. (Mchanga wa uwanjani una ladha yake, kama hamjaonja.)

Kilichonileta hapa ni jambo la juzi. Niliingia bandani mikono mitupu, nampelekea maji tu. Akanifuata mlangoni mwenyewe, akaniwekea kidevu begani, akashusha pumzi moja ndefu, ya moto, inanukia nyasi kavu. Siku moja kabla nilikuja na tandiko mkononi; akalaza masikio na kunigeuzia matako. Farasi yule yule, mtu yule yule. Usiku nikafungua daftari nikalisoma lote. Vipimo, tarehe, makosa. Hakuna hata mstari mmoja unaosema siku hiyo tulifurahi.

Sasa nikiachana na hiyo mita, nikawa natembea naye tu na kumsugua, bado ni mpanda farasi au nafuga paka mkubwa? Wenzangu wa bandani wanasema nimekata tamaa.

Mkongwe

Pole, ndugu yangu. Mimi nina vikombe viwili vya mashindano, na sasa hivi vinatunza misumari ya kwato. Nikikumbuka farasi wangu marehemu, vikombe haviji kichwani kabisa. Inakuja siku niliyokuwa nimekaa juu ya ndoo nashona hatamu, yeye akapiga magoti karibu yangu, akajilaza ubavu na kuanza kukoroma. Farasi husinzia amesimama, miguu yake ina namna ya kujifunga asianguke, lakini usingizi mzito hawezi kuupata bila kulala chini. Na halali chini mahali ambapo moyo haujatulia. Yule alinilalia miguuni.

Jaribu kitu: msugue pale shingo inapokutana na mgongo. Tumia kucha, usipapase. Wao kwa wao husuguana hapo hapo kwa meno, na mapigo ya moyo hushuka. Mdomo wa juu ukianza kurefuka na kuchezacheza, umepapata.

Fundi Kwato

Mzee kasema vizuri, ila mimi nimekwama kwenye yale masikio. Farasi anayeyalaza akiona tandiko mara nyingi anakwambia panamuuma. Kabla hujajiuliza kuhusu furaha yako, pitisha vidole taratibu pande zote mbili za uti wa mgongo uone anaponywea. Hilo tandiko ni la tangu umnunue? Miaka sita mgongo haubaki vile vile. Mwite daktari wa mifugo pia amwangalie meno, na umuulize habari ya vidonda vya tumbo. Tumbo la farasi linatoa asidi muda wote, ale asile, kwa hiyo anayekaa saa nyingi bila nyasi anaungua ndani kwa ndani. Huwezi kujua kwa kumtazama.

Mbishi wa Uwanjani

Mimi napinga kidogo, mnisamehe. "Natembea naye tu" nimeisikia kwa wengi. Baada ya miezi sita farasi kawa pipa, na mnene akila majani mabichi yenye sukari nyingi, kwato zinavimba ndani na kutembea kunakuwa adhabu. Atembee kweli, jasho limtoke.

Na malengo siyo dhambi. Mimi nilijipa lengo la kumfundisha wangu asimame kando ya jiwe nipande bila kushikiwa. Tulihangaika wiki tatu. Alipokubali hakuna aliyepiga makofi, lakini nilicheka peke yangu njia nzima.

Muulizaji

Wadau, mrejesho. Fundi wa matandiko amekuja. Tandiko linambana nyuma ya bega la kushoto, na pale pana nywele nyeupe ambazo miaka miwili nimekuwa nikisema ni uzee unamwingia. Kumbe ni alama ya kubanwa. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya banda kwa muda. Fundi Kwato, asante, ingawa umeniharibia wiki nzima.

Sasa tandiko liko kwa fundi, sisi tunatembea, kamba mkononi, saa nzima kila siku, na kilima tunakipanda (Mbishi, jasho linatoka, zaidi langu). Daftari bado ninalo. Juzi nimeandika maneno mawili tu: "Mdomo umerefuka."

Vizuizi sijaviondoa uwanjani. Jana Zabibu alikwenda mwenyewe kwenye kile cha mita moja, akajikunia shingo kwenye ufito mpaka ukaanguka, akaunusa, akaondoka.