Gari ya stima, oili ya injini lita 4. NNE. Nishikeni nisifungwe

Kinyozi_SouthB

Wasimamizi, ufuteni uzi huu kesho mkitaka. Leo niacheni.

Nimetoka gereji kwao saa hii. Niko kwa matatu, simu iko asilimia 9, vidole vinatetemeka. Mnawajua. Wale wa bango lenye picha ya radi, "wataalamu wa magari ya kisasa". Siwataji kwa sababu mnawajua, na kwa sababu gari yangu bado iko kwao.

Wiki tatu zilizopita niliegesha gari yangu ya stima, Nissan Leaf, nje ya kinyozi South B. Kichwa kimoja, dakika ishirini. Natoka nikinuka spiriti, nakuta pua ya gari imebonyea kama mtu aliyepigwa konde na shemeji. Aliyegonga kashaenda. Soja wa jengo anasema aliona kila kitu. Aliona nini? "Gari nyeupe." Nairobi hii! Si angesema tu aliyenigonga alikuwa na masikio mawili.

Kwa wasiojua: Leaf hula stima kwa pua. Kale kamlango ka mbele ukikafungua unakuta soketi mbili, ndogo ya kuchajia nyumbani na ile kubwa ya CHAdeMO, ya kuchaji haraka. Ukibonyeza pua, umeishona mdomo. Gari taa zinawaka, redio inaimba, magurudumu manne mazima, lakini haiwezi kula. Nikawa nahesabu kilomita zilizobaki kama mtu wa Ramadhani anavyohesabu dakika za magharibi. Kituo cha polisi nilienda, OB (kitabu cha matukio) nikaandikiwa, abstrakti (karatasi ya polisi ya ajali) nikapata, hayo mnayajua.

Kazi yenyewe? Bampa, kunyoosha mbele, kamlango ka chaji, rangi. Siku 19! Mara bampa iko Japani, mara iko Mombasa, mara iko Athi River imepumzika. Leo ndio naambiwa "njoo na pesa".

Nikaenda na pesa. Jamaa wa mezani anakula yai la kuchemsha lenye kachumbari. Ananisukumia karatasi bila kuinua macho. Mstari wa kwanza, bampa. Sawa. Wa pili, rangi. Inauma, lakini sawa. Wa tatu, leba. Wa nne:

OILI YA INJINI, LITA 4.

Nikaisoma mara tatu. Nikauliza kwa adabu zote alizonifunza mama yangu, "Boss, gari ya stima haina injini, hii oili mmeitia wapi?" Akatafuna. Akameza. Akaniangalia kama mtoto aliyeuliza watoto hutoka wapi. Akasema:

"Gari ni gari."

GARI NI GARI. Na akiongea, kipande cha kiini kikamruka mdomoni kikatua kwenye karatasi, juu ya hiyo 4. Akakipangusa kwa kidole gumba. Sasa hiyo 4 ina mkia wa njano. Karatasi ninayo hapa mfukoni, bado inanuka pilipili.

Mstari wa tano ni filta ya oili. Sijafika huko. Nikifika huko nitalia mbele ya makanga.

Mwaka 2019 serikali ilipunguza ushuru wa bidhaa kwa gari za stima kutoka asilimia 20 hadi 10. Hawa wameurudisha wote kwa oili. Na hizo lita nne ziko WAPI? Chini ya boneti ya Leaf tundu la kumwagia kitu ninalolijua ni la maji ya waipa. Nikibonyeza waipa leo nitaona nini kwenye kioo?

Gari ni gari. Nimesoma mimi. Nina mke.

Mama_Wawili
Pole kaka. Lakini kunyoa dakika ishirini? Kichwa kina pembe?

Fundi_Halisi
Mkuu, si kuwatetea, ila Leaf ina oili. Si ya injini, ni ya gia. Kama lita moja na kitu.

Kinyozi_SouthB
Fundi, nimesema INJINI. Nimesema NNE. Aliyegongwa ni pua, gia imeingiaje? Wewe ndiye uliyekuwa unakula yai?

Fundi_Halisi
Naelimisha tu. Na swali la maana hujauliza: kabla ya kunyoosha mabati walitoa ile plagi ya usalama, inayokata stima ya betri? Zile waya za rangi ya machungwa zina volti zaidi ya 300. Unatoa plagi, unangoja dakika kumi, unavaa glavu za mpira. Mtu asiyejua kama gari ina injini, hiyo plagi ataijulia wapi?

Kinyozi_SouthB
Nilikuta mmoja ameanika soksi hapo ndani.

Shemeji_wa_Taifa
Gari ni gari 😂😂😂 hii naiandika kwa fulana.

Pwani_Safi
Wabara mwatuua. "Gari yangu." Ni gari LANGU. Gari la umeme. Na oili si yai, huwezi kusema "imemruka mdomoni". Kwanza rudini shule, kisha mgongwe.

Kinyozi_SouthB
Kilichoruka ni kipande cha KIINI, soma tena. Gari LANGU limetiwa oili lita nne. Hapo umefurahi?

Pwani_Safi
Kidogo.

Wakili_wa_Mtaa
Kifungu cha 73 cha Sheria ya Trafiki, Sura 403: dereva akisababisha ajali lazima asimame. Aliyekugonga amevunja sheria.

Shemeji_wa_Taifa
Sawa wakili. Sasa toka nje ukaisomee kila gari nyeupe, anza na Mombasa Road.

Bibi_ya_Tokeni
Bima yako ni kubwa ama thadi pati?

Kinyozi_SouthB
Thadi pati.

Bibi_ya_Tokeni
Aaah. Hiyo haitengenezi gari yako. Basi nyamaza ulipe.

Mama_Wawili
Umenunua gari ya milioni na kitu ukaikatia bima ya bodaboda. Halafu unalilia oili.

Kinyozi_SouthB
Sililii oili! Nalilia lile neno! Angesema "samahani, karani amekosea", ningelipa hata hiyo filta. Aliniangalia MACHONI, mama. Na yai mdomoni. Gari ni gari. Simu asilimia 4.

Omosh_Friji
Wewe una bahati. Mimi fundi wa friji alinirudishia friji inayochemsha. Nimeweka maziwa usiku, asubuhi nikapata mala. Nikampigia, akaniambia "si umepata mala bure".

Bibi_ya_Tokeni
Ni yule wa kwa stage?

Omosh_Friji
Huyo huyo! Ana kofia!

Bibi_ya_Tokeni
Alikula pasi yangu mwaka jana. Mpaka leo nakunja nguo chini ya godoro.

Leaf_ya_Umoja
Wenye shida za chaji tuko hapa. Mimi gari nzima, pua nzima, lakini landlord ananiongezea 3,000 kila mwezi eti gari yangu "inakunywa stima ya ploti yote". Nina mita YANGU. Natia tokeni ZANGU. Nachaji usiku na waya umepita dirisha la choo. Juzi maji yalipotea, akapanda ngazi kuwaambia wapangaji kwamba gari yangu imemaliza nguvu ya pampu.

Mama_Wawili
Kumbe ni wewe! Tulikaa siku nne bila maji!

Leaf_ya_Umoja
Mama, gari haioshwi kwa stima!

Mama_Wawili
Kwani wewe unakaa ploti gani? Yenye mlango wa kijani?

Leaf_ya_Umoja
...Nambari 14.

Mama_Wawili
Mimi niko 9. Waya wako uko juu ya kamba yangu ya nguo. Uutoe kabla sijarudi kutoka sokoni.

Probox_ni_Maisha
Nyinyi watu wa stima mna mambo. Kwani body work nzuri ya bei poa mnapata wapi? Yangu ina mkwaruzo kidogo nyuma na taa ya breki imepasuka, niligusa kitu South B hivi majuzi nikirudi rivasi. Rangi ni nyeupe tu, ya kawaida, haina maneno.

Fundi_Halisi
Njoo Ngara uniulizie. Nyeupe ni rahisi, siku moja.

Probox_ni_Maisha
Oili pia unabadilisha?

Fundi_Halisi
Hiyo yako ndiyo ina oili, mkuu. Lete.

Omosh_Friji
Turudi kwa maji jamani. Ploti yetu caretaker anafungua tenki saa kumi alfajiri, dakika kumi na tano tu, na hasemi siku gani. Juzi nilijaza mpaka birika. Nani mwingine analala na ndoo?

Bibi_ya_Tokeni
Mimi. Ndoo mbili na sufuria la ugali.

Pwani_Safi
Sufuria ya ugali.

Leaf_ya_Umoja
Mama Wawili, waya nimeutoa. Hiyo shuka ya maua iliyoanguka si mimi, ni upepo.

Mama_Wawili
Shuka gani?