Bwatie ya termosta ya Golf 4: plastiki mupya, aliminiyo, okazio ao kole?

mwana_kadutu (Bukavu)
Bandugu jambo, naomba musaada. Niko na Golf 4, 1.4 16V ya esanse, na tangu wiki mbili maji ya kupoza moteri inapunguka, kila asubui naongeza nusu chupa. Jana nikashika tochi ya simu nikaangalia vizuri, inatokea ku bwatie ya termosta (kile kifungo chenye kinaachia maji iende ku radiatere vile moteri inapata moto), ile ya plastiki nyeusi inafungiwa pembeni ya kulasi, ni kusema kichwa cha moteri, upande wa bwati ya vitesi. Kuko mustari mwembamba sawa unywele na chini yake chumvi ya roze imekauka. Nataka nibadilishe miye mwenyewe ku nyumba, juu mekanisie wa kwanza anasema tupake kole na tutoe termosta kabisa, wa pili anasema nichukue ya okazio. Mu magazini kuko pia mupya ya plastiki na mupya ya aliminiyo. Bakubwa, mungechukua gani?

fundi_wa_ibanda
Kole achana nayo ndugu yangu. Ile plastiki imepikwa na joto zaidi ya miaka 20, ukiziba mustari mumoja mwingine unafunguka pembeni, na maji mule ndani iko na presha ya zaidi ya bar 1 wakati moteri iko ya moto. Nimeshaona kole inashika paka mpaka mulima wa kwanza. Okazio ni ugonjwa ule ule, inatoka ku gari ya umri sawa na yako, unalipa dola 10 juu ya kitu chenye kimechoka tayari na raba yake imelala bapa. Chukua mupya, yenye inakuja na termosta na raba zote.

lushois_kuya
Huku L'shi (Lubumbashi) mi niliweka aliminiyo, nikasema chuma haipasuke, kwisha. Vile nilifungua kisha mwaka nikakuta shingo ya mupira imeliwa, vumbi nyeupe imejaa, ni juu nilikuwa natia maji ya robine tupu bila likidi ya kupoza moteri. Tena uso wake haukuwa sawa tangu dukani, nililaza karatasi ya msasa juu ya kioo nikaisugua polepole mpaka ikalala vizuri. Kama unatia likidi ya kweli aliminiyo ni muzuri sana. Kama ni maji ya robine, plastiki mupya itakufikisha mbali kuliko hiyo.

mama_taxi_nyawera
Mwanangu, usikubali batoe termosta! Taxi yangu waliitoa, mekanisie akaniambia haitachemsha tena. Sindano ya joto haikufika 90 hata kidogo, kutoka Nyawera mpaka Panzi inabaki chini, na esanse ikaanza kuisha mbio juu kompyuta ya gari inazani moteri ingali baridi, inaendelea kumwaga. Chofere akaniletea hesabu nikazani ananiibia, kijana wa watu, mpaka leo inaniuma. Kumbe shida ya kuchemsha ilikuwa radiatere imeziba. Walisafisha radiatere, wakarudisha termosta, ikawa sawa.

goma_lave
Mama amesema kweli. Naongeza kitu kimoja juu batu ya huku kwetu kinatudanganya. Wengi tunajaribu termosta ndani ya sufuria ku mbabula, unaifunga na uzi, unaiachia mu maji bila iguse chini, unangojea. Mi nilifanya vile, maji ikachemka kabisa na termosta ikafunguka nusu tu, nikairudisha dukani na makelele. Lakini Goma na Bukavu tuko karibu metre 1.500 juu, maji ya sufuria inachemka ku digri 95 hivi, na termosta mingi inaanza kufunguka ku 80 na kitu lakini inamaliza karibu na 100. Ilikuwa nzima. Ikianza kufunguka mbele maji ichemke na ikifunga tena vile inapoa, usiitupe. Na kwa sababu iyo iyo uangalie kifuniko cha chupa ya maji, kikipoteza presha huku kwetu gari inachemsha mbio kuliko ya batu ya Matadi kule chini karibu na bahari.

fundi_wa_ibanda
Ndiyo, kifuniko usikisahau. Sasa kazi yenyewe: fanya asubui moteri ikiwa baridi, usifungue kifuniko ya moto hata siku moja. Ukitoa ya zamani, sugua uso wa kulasi na kitambaa na kipande cha mbao, usitumie bisu juu ile ni aliminiyo, mukwaruzo mumoja unaleta maji. Raba inakaa kavu, hakuna silikoni. Kapteri ya joto, ile yenye inapima joto ya maji, badilisha raba yake pia. Buloni ni za kle ya 10, kaza kidogo kidogo kwa musalaba, 10 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) inatosha, ukilazimisha unang'oa nyuzi za kulasi na hapo njo unalia. Likidi ya roze usiichanganye na ya kijani, inageuka matope.

mwana_kadutu
Aksanti bote, nimemaliza leo. Nimechukua plastiki mupya, dola 28 na likidi lita 2. Buloni ya nyuma haionekani, ilinichukua saa nzima, mudogo wangu alishika kioo cha kunyolea nikaona kichwa chake mule ndani. Vile nilitoa bwatie ya zamani ilivunjika mu mikono sawa biskuti. Nikajaza, nikafungua shofaji yote, nikaacha izunguke mpaka vantilatere ikawaka na mupira wa chini wa radiatere ukawa moto. Nikapanda Kadutu na batu bane ndani, sindano imesimama ku 90. Jioni vile imepoa likidi ilishuka kidole kimoja, nikaongeza.

fundi_wa_ibanda
Iyo kidole ni hewa ilikuwa imebaki. Angalia tena asubui mbele uwashe, siku tatu.