Kiendelezi kikiuzwa, nasi tunauzwa pamoja nacho

Ndugu wanajukwaa,

Ninafungua uzi huu kwa hasira, na sioni sababu ya kuificha. Unapoweka kiendelezi, yaani programu ndogo ya kuongezea kazi kwenye kivinjari kama Chrome, huulizwa mara moja tu kama unakiruhusu kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti unazotembelea. Ukikubali leo, umemkubalia na yeyote atakayekinunua kesho, kwa sababu toleo jipya hujisakinisha lenyewe kimyakimya, bila wewe kuulizwa chochote, maadamu haliombi ruhusa zaidi.

Stylish, kilichopendwa kwa kubadilisha mwonekano wa tovuti, kiliingia mikononi mwa kampuni ya takwimu za mtandaoni ya SimilarWeb mwaka 2017. Julai 2018 mhandisi wa programu Robert Heaton alionyesha kwamba kilikuwa kikituma anwani za kurasa zote ambazo mtumiaji alifungua, hata matokeo ya utafutaji wake wa Google, yote yakiambatanishwa na namba ya utambulisho wake. Hivi kupaka ukurasa rangi kunahitaji kujua ni ugonjwa gani nimeutafuta jana usiku? Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, na Google, wenye Chrome, walikiondoa baada ya mambo kuanikwa hadharani. The Great Suspender, kilichosinzisha vichupo (tabs) visivyotumika ili kompyuta isielemewe, nacho kiliuzwa mwaka 2020. Wajuzi wa msimbo wa programu walipiga kelele kwa miezi kwamba hakiaminiki tena, na Google ikakizima Februari 2021.

Kinachonikera zaidi ni jibu la kila mara kwamba tusome sera ya faragha, kana kwamba mtu aliyeisoma siku ya kwanza ana wajibu wa kuirudia kila asubuhi ili ajue kama mwenye mali amebadilika.

Wenye vivinjari wasituambie kwamba haiwezekani kutuuliza upya. Chrome tayari hukizima kiendelezi kinapoomba ruhusa mpya, hadi mtumiaji akubali upya. Ninachodai ni utaratibu huohuo utumike umiliki unapobadilika, na jina la mmiliki mpya lionyeshwe waziwazi kabla hajasoma hata ukurasa mmoja.

Kwa sasa Chrome hukuwezesha kukibana kiendelezi kifanye kazi pale tu unapokibofya, lakini mpangilio huo wenye manufaa umefichwa ndani ya menyu, na kiendelezi kilichoomba tovuti zote huzipata zote tangu siku ya kwanza, hadi mtumiaji mwenyewe agundue pa kukibania.