Acheni kuita samaki wa watu "haramu", mnaua riziki!

Wakuu, asalaam aleikum. Nina hasira na sizifichi.

Juzi alasiri gari la matangazo limepita kwetu Ngamiani, hapa Tanga mjini, kipaza sauti kinapiga kelele: "Msinunue samaki haramu!" Wanakusudia waliovuliwa kwa baruti. Mama yangu mkubwa anakaanga vibua pale barazani, mzigo anaufuata soko la samaki la Deep Sea alfajiri. Jioni ile wateja wake wa siku zote wakawa wanapita wamegeuza shingo. Mzee mmoja, mtu wa safu ya mbele msikitini, akamwambia kabisa: "Bi mkubwa, mbona watulisha haramu?" Karai limerudi ndani limejaa. Mtu mzima wa miaka 60 na ushee analia mbele ya wajukuu!

Nieleweke. Baruti siitetei, imevunja matumbawe yetu na kukata vijana mikono. Sheria ya Uvuvi ya 2003 ipo, wakamatwe. Lakini semeni "uvuvi uliokatazwa", semeni "kinyume cha sheria". Kiswahili hakijaishiwa!

Haramu ni hukumu ya Mwenyezi Mungu. Chuo cha Qur'ani tulikaririshwa hukumu 5: wajibu, suna, mubaha, makuruhu, haramu. Hiyo ya mwisho ukiitenda una dhambi, na hakuna kikao cha ofisi kinachoipitisha. Samaki wa baharini amehalalishwa ndani ya Qur'ani, Suratul Maida aya ya 96. Sisi Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, tunamla hata aliyekufa mwenyewe majini. Mvuvi wa baruti ana dhambi yake ya kuharibu, waulizeni masheikh, ila kibua hageuki nguruwe kwa kosa la aliyemvua!

Na si samaki tu. Vijana wa Ethiopia wakikamatwa huku Tanga wana njaa na kiu, redio inasema "wahamiaji haramu". Binadamu anakuwaje haramu? Hana kibali, basi, sema hana kibali. Mara "pombe haramu", kama vile ipo ya halali! Neno hilihili ndilo lililomo kwenye jina la msikiti wa Makka, Masjidul Haram, kwa utukufu wake. Ni neno zito, nyie mnalibandika kwenye karai la mama wa watu.

Ninachotaka: gari lirudi, lipite mtaa uleule, kwa sauti ileile, liseme samaki wa Deep Sea wanaliwa. Mama mkubwa leo siku ya tatu hajawasha jiko.