Mtoto wa gredi ya 5 na utafiti wa anga, nisaidieni

Mama Kisauni: Wenzangu wa Mombasa hamjambo. Binti yangu wa gredi ya 5 kaambiwa achague kitu cha angani akifanyie utafiti mwenyewe, wiki 4, kachagua mwezi. Jana nafungua daftari nakuta ukurasa mzima kanakili kwa simu, eti mwezi uko umbali wa kilomita 384,400, namuuliza hizo zatoka wapi aniangalia tu. Imeniuma kwa kweli. Sitaki nimfanyie mimi na kunakili pia sitaki, darubini hatuna. Nianzie wapi?

Baharia wa Kibokoni: Dada darubini ya nini na bahari iko hapo? Achore mwezi kila siku anapouona, aandike na saa, kisha aandike saa maji yanapojaa. Baada ya siku chache ataona vyote viwili vyachelewa, kama dakika 50 hivi kila siku, lakini usimwambie wewe!! Mwache aione. Kijana wangu alikuwa akihesabu vidato vya ngazi vinavyobaki vikavu maji yakijaa, wakati wa maji mafu, yale yasiyopanda sana, vilibaki 7, mwezi ulipopevuka likaja bamvua, maji makubwa yale, vikabaki 2, alirudi mbio suruali imelowa mpaka magotini akipiga kelele babu alisema kweli. Ila asiende peke yake.

Mwl Changamwe: Nakubaliana na baharia. Nami naongeza, swali aliandike kwa maneno yake hata kama limepinda, na siku ya mawingu aandike "mawingu, sikuona" aache hivyo hivyo. Wazazi wengi hujaza hizo nafasi ili daftari lipendeze na hapo kazi yote inaharibika, mimi daftari lenye mapengo ndilo naliamini.

Abuu: Akichoka na mwezi mwambie habari za Ngomeni kule Malindi, setilaiti ya Uhuru ilirushwa hapo baharini tarehe 12 Disemba 1970, ya kwanza duniani kutumwa kuchunguza eksirei za angani tu. Pwani yetu hii hii.

Mama Kisauni: Shukran sana jamani. Leo saa mbili asubuhi twaelekea stejini kauona mwezi juu ya minazi, mchana kweupe, kasimama kabisa matatu ikatuacha. Ukurasa ule kaukunja, ameanza mpya, juu kaandika "Kwa nini mwezi haukwenda kulala?" Baharia, ngazi kama hizo huku kwetu zipo au nimlete Kibokoni?