Lantana kwenye mikarafuu michanga: mbawakawa, sururu au dawa?

Shamba_Konde: Asalaam alaykum. Eka 2 za mikarafuu michanga zimezongwa na lantana, vichaka vingine vimempita mtu kimo. Kipi kinafaa: mbawakawa wanaokula majani, kung'oa, au dawa?

MduduNaMmea: Wa alaykum salaam. Wanaotumika zaidi ni *Uroplata girardi* na *Octotoma scabripennis*, wote asili yao bara la Amerika. *Uroplata* ana milimita 6 hivi, anapenda joto la pwani. Huko Afrika Kusini amestawi hasa pwani ya KwaZulu-Natal. Mkubwa anakwangua jani kwa nje, ila kazi nzito ni ya buu: linaishi baina ya ngozi mbili za jani, linakula kilichomo kati. Shika jani lililoshambuliwa ulielekeze juani, utaona baka la hudhurungi; lipasue, buu limo humo humo.

Jani hukauka likaanguka, lakini mti haufi. Kiangazi lantana yenyewe hupukutisha majani, wadudu wanakosa chakula. Masika ikianza, mti unachipua upesi kuliko wao wanavyozaana. Tena lantana ni machotara wengi, mdudu anashambulia huyu anamwacha yule.

Bamvua: Si mtu akawabeba mkebeni kutoka nje, akawaachia tu?

MduduNaMmea: Hapana, shekhe wangu! Bila kibali cha Wizara ya Kilimo, karantini na majaribio ya kuona kama watakula mimea mingine, usithubutu. *Teleonemia scrupulosa* (huyu si mbawakawa, ni kunguni wa majani) aliachiwa Uganda kwa ajili ya lantana hii hii, miaka ya 1960 akakutwa kwenye ufuta.

Sururu: Kwa eka 2 mimi nasema kung'oa. Subiri ardhi ilowe. Kata matawi kwa panga kabla matunda hayajawiva, maana ndege ndio wanaosambaza mbegu. Kisha piga sururu chini ya kisiki, utoe shina na fundo la mizizi pamoja. Ukikata usawa wa udongo tu linarudi na machipukizi zaidi. Matawi yasilale kwenye udongo mbichi, yanaota mizizi. Rudi kila wiki 6 kung'oa miche ingali laini.

Bomba16: Visiki vikubwa vitakutoa jasho bure. Kata karibu na ardhi, paka glaifoseti (dawa ya kuua magugu) ya gramu 360 kwa lita, bila kuichanganya na maji, ndani ya sekunde 15. Ukichelewa kidonda kinajifunga, dawa haiingii. Kunyunyizia majani ni mililita 160 kwa bomba la lita 16, mmea ukiwa unakua. Kiangazi utamwaga pesa. Ila karibu na mkarafuu mchanga usinyunyizie kabisa, tone likigusa gome bichi au jani umeuharibu.

Sururu: Kupaka visiki sina ubishi. Kunyunyizia katikati ya mikarafuu, hapana.

Shamba_Konde: Na ng'ombe waliofungwa pembeni?

MduduNaMmea: Wahamishe kabla ya kukata. Majani ya lantana yana sumu ya ini: macho yanakuwa manjano, ngozi ya pua inachubuka, mnyama hastahamili jua. Ng'ombe aliyezoea kuikwepa lantana huila akiwa na njaa na kamba ni fupi.